Jiko la gesi la bi harusi lilipokataa kuwaka



Leo hatuandiki habari za shela wala rangi za msimu. Zile lesi mlizoziulizia tutazileta siku nyingine inshallah. Leo tunaandika habari za jiko, kwa sababu tulikaribia kuiunguza nyumba ya bi harusi wetu siku mbili kabla ya nikaha yake, na katika makosa yaliyofanyika siku ile, mawili yalikuwa yetu.

Kwa wanaotusoma mara ya kwanza: tunasema "sisi" kwa kuwa tuko wawili, mtu na wifi yake. Mmoja wetu alimaliza kidato cha nne Unguja, akasomea ushonaji, akaolewa na kuletwa bara mpaka Mpanda, mkoa wa Katavi. Mwingine ni mwenyeji wa huku. Duka letu liko kata ya Misunkumilo. Tunashona nguo za harusi, mashuka na mapazia, na tunapamba chumba cha bi harusi, kwa hiyo mara nyingi tunaingia nyumba mpya kabla mwenyewe hajaingia. Ndivyo tulivyojikuta katika mambo ya gesi.

Huyu bi harusi wetu ana pumu tangu utotoni. Alipopewa mahari yake hakununua dhahabu. Alinunua jiko la gesi la kioo, lile la macho mawili, mtungi wa kilo 15, mpira wake, na regulata yenye mita juu yake. Maneno yalikuwepo, tusifiche. Katavi ni mkoa wa misitu, mkaa unapita mlangoni juu ya baiskeli, na wengi wetu tumelelewa na mkaa. Mama mkwe wake, mama wa watu mwenye heshima zake, alisema sentensi moja tu: "Mkaa haujawahi kunikatalia." Bi harusi akainama, akanyamaza. Mahari ni haki yake, na pumzi ni zake.

Jiko lilifungwa Jumapili na likawaka vizuri. Jumatatu tukaenda kupima dirisha la jikoni kwa ajili ya pazia. Dirisha liko nyuma ya meza ya jiko, futi haikufika, tukaivuta ile meza kidogo, tukapima, tukairudisha. Kazi ya dakika tatu. Hatukuifikiria tena.

Jumatano tukarudi na pazia. Nyumba ilikuwa imejaa: shangazi zake wanapanga vyombo, mdogo wake anakatakata vitunguu, sebuleni udi unafukizwa nguo za sanduku. Bi harusi alitaka kupika chai ya kwanza kwenye jiko lake mwenyewe, mbele ya mama mkwe. Akafungua mtungi, akabonyeza kile kitufe cha juu ya regulata, mshale wa mita ukapanda mpaka kwenye kijani. Akawasha. Moto ukatoka wa buluu, mzuri, ukasimama kama sekunde tatu, ukanywea, ukazimika. Mshale ukaanguka chini. Akarudia, ikawa vilevile. Mara ya nne macho yalishajaa machozi, na mtu mmoja kutoka mlangoni akasema majiko haya ya kioo yana nuksi.

Mjomba wake, ambaye hakuna kitu asichokijua, akaja akatazama, akatoa hukumu: "Hizi regulata za mita zinasumbua tu. Tafuteni ya kawaida." Sisi tulikuwa nayo dukani, regulata ndogo isiyo na mita wala kitufe, tuliyoiacha baada ya kununua nyingine. Mmoja wetu akapanda bodaboda akaifuata. Mjomba akaivua ile ya mita, akaweka yetu, akawasha. Moto ukasimama. Vigelegele! Na sisi tulipiga, tena kwa sauti. Sufuria ya chai ikapanda jikoni, mama mkwe akatikisa kichwa kwa kukubali, na ile regulata ya mita ikatupwa juu ya kabati kama kitu kibovu.

Tukarudi kwenye kazi yetu. Pazia lilikuwa refu, linahitaji pindo. Mmoja wetu alipiga magoti sakafuni karibu na meza ya jiko, pini mdomoni, anaweka alama. Wallahi, kama si kupiga magoti tusingejua. Kule chini kulikuwa na harufu ya gesi nzito, ya kukaba koo. Akasimama: hakuna kitu, ni udi na vitunguu tu. Akainama tena: ipo. Watu zaidi ya kumi walikuwa wamesimama ndani ya nyumba ile na hakuna hata mmoja aliyeisikia.

Baadaye tulielewa kwa nini. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Inamwagika chini kama maji, inatambaa sakafuni, inajaa pembeni na chini ya kabati. Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi ili tuweze kuigundua. Lakini pua ya mtu aliyesimama iko juu, na siku ya harusi pua hiyo ina udi, hina, karafuu na vitunguu vya kukaanga.

Mwenzake alipogeuka, alimwona shangazi anakuja kutoka sebuleni na chetezo mkononi, makaa mekundu, anataka kufukiza na jikoni. Anakuja kukiweka chini. Sakafuni.

Tulipiga kelele ambayo mtu mwenye adabu hapigi mbele ya mkwe. Shangazi aligeuka na chetezo chake mpaka uani, hajui amekosa nini. Tukazima jiko, tukafunga mtungi, tukawatoa watoto, tukafungua milango yote miwili na madirisha. Mtu mmoja alitaka kuwasha taa ili tuone vizuri, tukamshika mkono, maana cheche ndogo ya swichi inatosha. Simu tukaziacha mifukoni. Tukakaa uani kama nusu saa, hakuna anayesema neno, chai ikapoa jikoni.

Sasa hapa ndipo tunapotaka mtusikilize, kwa sababu jiko lile halikuwa bovu na regulata ya mita haikuwa bovu. Ilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba ile kilichokuwa kinasema kweli.

Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa mpaka ikawa maji, na presha yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya hewa ya nje. Jiko la nyumbani haliwezi presha hiyo. Kazi ya regulata ni kuishusha, kwa majiko mengi mpaka kiasi cha milliba 28 hadi 30, ambayo ni presha ndogo sana. Hiyo hufanywa na kila regulata nzima. Ile yenye mita na kitufe ina kazi ya pili. Ndani yake kuna kizuizi kinachoangalia gesi inavyotoka, na ikitoka kwa kasi kuliko jiko linavyoweza kula, kama vile mpira umechomoka au umepasuka, kinafunga chenyewe. Kitufe cha juu ni cha kuiruhusu gesi ijaze mpira upya ili kizuizi kifunguke. Kwa hiyo mshale ukipanda kwa kitufe, kisha jiko likafunguliwa na ukaanguka na moto ukafa, mara nyingine ni kwamba mtungi umekwisha, au umefungua macho yote kwa pupa. Lakini mara nyingine inakwambia: kuna gesi inakwenda mahali ambapo si jikoni. Na sisi tukaivua, tukaweka isiyojua kusema chochote.

Ingekuwa cherehani tusingefanya hivyo. Cherehani likiruka mishono hatuvunji mashine. Tunatia uzi upya, tunabadili sindano, tunajiuliza tulifanya nini tangu mara ya mwisho liliposhona vizuri. Jiko liliwaka Jumapili. Kati ya Jumapili na Jumatano kilichotokea ni kimoja: mafundi wawili wa mapazia waliivuta meza.

Hewa ilipokwisha kusafika tukamwita fundi wa majiko kutoka mjini, kijana mpole. Hakutoa kifaa chochote cha ajabu. Aliomba bakuli, maji na sabuni ya unga, akakoroga mpaka povu. Akarudisha ile regulata ya mita, akahakikisha macho ya jiko yamefungwa, akafungua mtungi, akabonyeza kitufe, halafu akaupaka mpira povu kwa sponji kuanzia kwenye mtungi mpaka nyuma ya jiko. Kote kimya. Alipofika kwenye mdomo wa jiko, pale mpira unapoingia, povu likaanza kuvimba na kutoa mapovu makubwa kama ya mtoto anayecheza. Klipu ilikuwepo lakini haikukazwa. Ilikuwa imevaa mpira kama bangili. Tulipovuta meza, mpira ulitoka nusu na ncha yake ikachanika.

Alikata mpira mpya, akausukuma mpaka mwisho, akakaza klipu mbili kwa bisibisi, moja kila upande. Kila kitu pamoja na ujira wake hakikufika shilingi 20,000. Tulilipa sisi, bi harusi hakuombwa hata senti.

Kisha akatufundisha kipimo ambacho kila mwenye regulata ya mita anaweza kukifanya mwenyewe bila sabuni. Funga macho yote ya jiko. Fungua mtungi, bonyeza kitufe, mshale upande. Funga mtungi. Sasa kaa uutazame mshale, hata dakika tano, kumi. Ukibaki pale ulipo, njia yote kutoka regulata mpaka jiko imeshika. Ukiteremka, kuna mahali panavuja, tafuta kwa povu. Usitafute kwa kiberiti hata siku moja. Tunasema hivi kwa kuwa tumewahi kumwona mtu anafanya, na alikuwa mtu mzima.

Jambo jingine alilotusahihisha: ile mita haikuonyeshi gesi imebaki kiasi gani. Sisi tulidhani kijani ni mtungi umejaa. La. Inaonyesha presha, na presha hubaki karibu ileile mpaka gesi iliyo kama maji inapokaribia kwisha. Ukitaka kujua kilichobaki, upime mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye chuma chenyewe. Toa huo, kinachobaki ni gesi. Fanya hivyo na siku unayoununua, pale pale dukani.

Si kila jiko linalozimika linavuja, tusije tukawatia hofu bure. Moto ukiwa wa njano na masizi yanashika sufuria, vitundu vya jicho vimezibwa na maji ya wali au mafuta, vioshe na vikauke. Jiko likizimika pale tu unapoachia kitasa, wakati ukikishika linawaka, hapo kuna kile kijiti kidogo pembeni ya moto ambacho lazima kipate joto ndipo gesi iendelee kupita. Kikichafuka au kikichoka kinafunga. Hicho nacho ni mlinzi, kisafishwe au kibadilishwe, kisifungwe waya. Na mtungi ukipika vyungu vikubwa kwa muda mrefu unapoa mpaka unatoa jasho, na moto unapungua nguvu. Uache upumzike. Kuulaza, kuutikisa au kuumwagia maji ya moto ni kucheza na roho za watu. Kwa shughuli za walima yapo majiko makubwa yanayonguruma, nayo yana regulata yake ya presha kubwa yenye kishikio cha kuzungusha. Regulata hiyo isikanyage jiko la nyumbani hata kwa kuazima. Vilevile midomo ya mitungi inatofautiana, kwa hiyo regulata isiyoingia vizuri usiilazimishe kwa nyundo wala kwa kitambaa.

Jioni ile tulimsimulia binamu yetu aliyeolewa Kanada, akacheka, halafu akaacha kucheka. Kule, alisema, nyumba hupashwa joto na tanuru la gesi lililo chini ya nyumba. Lina feni inayovuta moshi kuupeleka nje, na kuna kiswichi kidogo chenye ngozi laini ndani na kijipira chembamba, kinachohisi kama feni kweli inavuta. Kisipohisi mvuto, hakiruhusu moto uwake. Msimu wa baridi uliopita tanuru lao lilikataa usiku, watoto wanatetemeka, na jirani akamwambia mumewe aunganishe nyaya mbili za kile kiswichi ili lidanganyike liwake. Mumewe alikataa, akatoka nje na tochi. Theluji ilikuwa imeziba mdomo wa bomba la moshi. Wangelidanganya, moshi wa sumu usio na rangi wala harufu ungerudi ndani walikolala. Akaondoa theluji, tanuru likawaka lenyewe. Binamu akatuuliza: "Na mjomba wenu ana ndugu huku?" Tulicheka wote watatu, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku ile.

Mwezi Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sisi tunaunga mkono, tukiwatazama wateja wetu wenye vifua na macho mekundu. Lakini tunachokiona majumbani ni kwamba mtungi hufika mapema kuliko maelezo yake. Bi harusi hufundwa mambo mengi, na baadhi yake tunayajua tukacheka. Somo anayemfunda mwari aongeze na hili: kufunga mtungi kabla ya kulala. Mtume wetu (s.a.w.) ametuusia tuzime moto tunapolala, na kwa wenye gesi kuzima ni kufunga pale kwenye mtungi. Kitasa cha jiko peke yake hakitoshi.

Kilichobaki kilikuwa mama mkwe. Alikuwa ameona yote: vigelegele, kelele, watoto uani. Tulijua angesema "niliwaambia", na tungekosa jibu, na bi harusi angerudishwa kwenye mkaa na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Kwa hiyo kabla hajasema, tulikwenda kukaa chini mbele yake tukamwambia: "Shikamoo mama. Jiko halina kosa, na binti hana kosa. Meza tuliivuta sisi, na ile regulata nyingine ilitoka dukani kwetu." Ilikuwa nzito kuisema. Biashara ya harusi ni jina, na Misunkumilo si pakubwa. Alitutazama kwa muda mrefu. Akasema, "Marahaba wanangu," kisha akasimama akaenda jikoni, akamwomba yule fundi arudie kipimo cha mshale. Alikitazama dakika kumi kamili, saa yake mkononi. Haukuteremka. Akamwambia bi harusi, "Haya, weka chai."

Nikaha ilifungwa Ijumaa, alhamdulillah, na shela lilikaa vizuri. Tangu hapo, kila tunapoenda kupima dirisha la jikoni, kama kuna meza yenye jiko tunafunga mtungi kwanza ndipo tuiguse, na tukimaliza tunapaka povu. Ile regulata yetu isiyo na mita hatukumpa mtu wala hatukuiuza. Tumeivunja.

Pazia la jikoni, lakini, lilitundikwa haraka haraka Alhamisi usiku, pini zikiwa zimeshapotea, na upande mmoja umezidi vidole vinne. Tena tulilishona refu mno kwa dirisha lililo karibu na moto. Bi harusi anasema halimsumbui. Linatusumbua sisi. Jumamosi tunakwenda kulikata liishie juu kabisa ya meza.